Kijana aliyelala kasho anaweza kuingia jeshini? Sheria na karatasi zinavyosema

Kila mara FARDC inapotangaza kwamba inaandikisha vijana, swali moja linarudi mitaani, toka Bunia hadi Butembo, toka Kalemie hadi Lubumbashi: yule aliyewahi kukamatwa juu ya ngumi, juu ya simu ya mtu ao juu ya fujo ya nganda, jina lake litakubaliwa? Wengine hawajaribu hata. Wanabaki nyumbani wakiamini kwamba usiku mbili za kasho zimeharibu maisha yao. Wengine wanauza mbuzi ya familia ili wanunue karatasi « safi » kwa mtu wa kati. Mara nyingi wote wamekosea kwa sababu moja: hawajui tofauti kati ya kukamatwa na kuhukumiwa.

Swali hili lilipata nguvu zaidi toka Novemba 3, 2022, siku Rais Félix Tshisekedi alipoita vijana wajiandikishe jeshini juu ya vita ya M23. Siku zilizofuata, vijana wengi walipanga mstari Goma na katika miji mingine. Kati yao kulikuwa wanafunzi, wachuuzi, watu wa motari, na bila shaka wale waliokuwa wamepita kwa polisi siku moja. Maelezo haya ni kwa ajili ya hao wa mwisho, na kwa wazazi wao.

Kasho si hukumu

Mfano ni huu. Kijana wa miaka 19 anapigana kwenye nganda, mwenzake anavunjika jino. Polisi inamchukua, analala siku mbili kwa kasho. Familia inakimbia huku na huku, mambo inapangwa, anatoka. Toka siku ile mtaa mzima unasema: « ule alishafungwa ». Lakini kwa macho ya sheria hajafungwa, na hajahukumiwa.

Katiba ya Februari 18, 2006 iko wazi. Kifungu chake cha 18 kinasema kwamba polisi haiwezi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria yenye uwezo. Kifungu cha 17 kinasema kwamba kila anayeshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe kosa lake. Maana yake: jina lililoandikwa katika kitabu cha komisaria linaonyesha tu kwamba mtu alipita pale.

Dosie iliyofunguliwa kwa OPJ, yaani afisa wa polisi anayefanya uchunguzi, inaweza kuisha kwa njia nne:

1. Parke inaona hakuna jambo la kufuata, inafunga dosie. Kwa Kifaransa wanasema « classé sans suite ».

2. Kwa kosa ambalo lingeishia kwa amande tu, mhusika anaruhusiwa kulipa kwa hazina ya serikali ile inayoitwa « amende transactionnelle ». Ikishalipwa, mashtaka yanakufa, isipokuwa parke yenyewe ikiamua kuendelea.

3. Dosie inafika tribinali, na hakimu anasema mtu hana kosa.

4. Dosie inafika tribinali, na hakimu anamhukumu.

Kati ya hizo njia nne, ni ya nne tu inayoacha hukumu nyuma ya mtu. Kijana aliyetoka kwa njia ya kwanza, ya pili ao ya tatu hana hukumu, hata kama jirani wote walimwona akipandishwa ndani ya jeep ya polisi.

Hapa kuna shida ambayo familia nyingi zinaijua vizuri. Makuta mengi yanayotolewa komisaria hayaendi kwa hazina. Yanatoka mkono hadi mkono, bila karatasi. Kijana anatoka kweli, lakini dosie haikufungwa na mtu yeyote. Inabaki ndani ya sanduku, na siku moja mlalamikaji anaweza kuiamsha. Ndiyo maana anayelipa amande anapaswa kudai risiti ya serikali, na anayeambiwa kwamba « mambo imeisha » anapaswa kuuliza imeishia wapi.

Jambo lingine: deni peke yake si kosa la jinai. Ni mambo ya madai, na tribinali ina njia yake ya kuyakata. Aliyewekwa kasho juu ya deni asijihesabu mhalifu.

Karatasi mbili ambazo watu wanachanganya

Anayeomba kuingia jeshini, polisi, ao hata kazi nyingine ya serikali, kwa kawaida anaulizwa karatasi mbili juu ya mwenendo wake. Watu wengi wanaziita zote « casier », na hapo ndipo wanapopotea.

Ya kwanza ni « attestation de bonne conduite, vie et mœurs ». Inatolewa na mamlaka ya mahali mtu anapoishi: kwa mji ni komini, kwa kijiji ni ofisi za utawala wa teritware. Inasema namna mtu anavyojulikana kwao. Kabla ya kuitia sinyatire, ofisi inaweza kuuliza kwa shefu wa kartie.

Ya pili ni « extrait du casier judiciaire ». Hii inatoka upande wa sheria, kwa parke, ao kwa Wizara ya Sheria kwa wale wa Kinshasa. Yenyewe haiulizi jirani wanasema nini. Inaangalia hukumu.

Karatasi hizo mbili zinaweza kupingana. Kijana anaweza kuwa na casier safi kabisa, lakini shefu wa kartie anakataa kumsemea vizuri juu kila Jumamosi anapigana. Mwingine alihukumiwa miaka iliyopita, akamaliza adhabu yake, akarudi, akafungua kiduka, na mtaa wote unamheshimu. Huyo attestation ya komini inaweza kumpendelea huku casier ikikumbuka. Anayejua tofauti hii anajua pia mlango gani wa kugonga: wa shefu wa kartie, ao wa parke.

« Kosa dogo » kwa macho ya code pénal

Sheria ya Kongo haina neno « kosa dogo ». Haigawi makosa kwa madaraja matatu sawa Ufaransa inavyofanya. Yote yanaitwa « infractions ». Kinachoonyesha uzito ni adhabu. Na hapo watu wengi wanashangaa.

Kupiga mtu ao kumjeruhi kwa kusudi, bila mpango wa mbele, code pénal inaweka kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, na amande. Kama mtu alipanga mbele, kifungo kinaweza kufika miaka 2. Lakini wizi, hata ule usio na nguvu wala vitisho, hata wa simu moja, unaweza kufika miaka 5 ya kifungo. Kwa mtaa, ngumi iliyotoa damu inaonekana kubwa kuliko simu iliyopotea. Kwa kitabu cha sheria, ni kinyume. Tena kwa jeshi, ambamo kijana atapewa silaha, chakula na mafuta ya kulinda, mtu aliyehukumiwa juu ya wizi anaacha swali ambalo mtu wa ngumi moja haachi.

Makosa hayo yote mawili yanakatwa na tribinali ya amani, ile inayoitwa « tribunal de paix », ambayo uwezo wake unaishia kwa makosa yenye kifungo kisichozidi miaka 5. Hakimu ana nafasi ya kupima. Anaweza kutoa amande peke yake pale sheria inaporuhusu. Anaweza pia kutoa adhabu yenye sursi: mtu anahukumiwa, lakini adhabu inasimamishwa kwa muda ambao hauwezi kupita miaka 5. Asipopata hukumu mpya ndani ya muda ule, ile hukumu inahesabiwa kama haikukuwako. Akiteleza tena, inaamka.

Kwa hiyo aliyepewa sursi ana hesabu ya kufanya kabla ya kuomba jeshi: muda umeisha, ao bado? Jibu liko ndani ya karatasi ya hukumu yenyewe, si kwa kumbukumbu ya mama ao ya kaka. Wengi hawajawahi hata kuchukua kopi ya hukumu yao.

Makosa ya utotoni

Sheria ya Januari 10, 2009 ya kulinda mtoto inasema kwamba mtoto wa chini ya miaka 14 hawezi hata kidogo kuhesabiwa kuwa na jukumu la jinai. Wa miaka 14 hadi 18 anapelekwa kwa tribinali ya watoto, na pale hakimu anachukua hatua za kumwongoza: kumkaripia, kumrudisha kwa wazazi, kumweka mahali pa malezi. Hatua hizo si kifungo cha mtu mzima. Kijana wa miaka 20 aliyeiba kuku akiwa na miaka 13 hana sababu ya kuogopa parke juu ya kuku ule.

Sheria hiyo hiyo ina upande mwingine. Hakuna mtu anayeruhusiwa kuandikisha mwenye chini ya miaka 18, iwe kwa jeshi, kwa polisi ao kwa kundi la silaha. Anayefanya hivyo anaweza kupata kifungo cha miaka 10 hadi 20. Mzazi anayeongeza miaka kwenye karatasi ya mtoto ili apite haraka, asifikiri anasaidia.

Kwa nini jeshi linauliza

Kifungu cha 189 cha Katiba kinataka watu wa jeshi, kwa kila ngazi, wachaguliwe kwa kuangalia nguvu za mwili, elimu ya kutosha, mwenendo uliothibitishwa, na usawa kati ya mikoa. Maneno ya Kifaransa ni « moralité éprouvée ». Sheria ya Januari 15, 2013 juu ya hali ya askari ndiyo inayopanga masharti ya kuingia, na kila uandikishaji una tangazo lake lenye umri, masomo na karatasi zinazotakiwa.

Nyuma ya maneno haya kuna historia ambayo mashariki ya Kongo inaijua kwa uchungu. Kisha vita ya 1998 hadi 2003, jeshi jipya liliundwa kwa kuchanganya makundi yaliyokuwa yanapigana. Watu waliita hiyo « brassage », kisha ikakuja « mixage » ya 2007, kisha kuingizwa kwa CNDP mwaka 2009. Wengi walipewa grade bila mtu kuuliza walifanya nini porini. Bosco Ntaganda ndiye mfano unaojulikana zaidi. Korti ya kimataifa ya La Haye, CPI, ilikuwa imetoa hati ya kumkamata toka 2006, juu ya makosa ya Ituri ya miaka 2002 na 2003. Hata hivyo mwaka 2009 aliingia FARDC na cheo cha jenerali. Mwaka 2012 alitoroka, ikawa mwanzo wa M23. Mwaka 2019 CPI ilimhukumu miaka 30.

Ndiyo maana kijana wa ngumi moja anaona uchungu: yeye anaulizwa karatasi, wakati wengine waliingia na damu mikononi. Uchungu ule una haki. Lakini dawa yake ni kuwauliza wote, wakubwa na wadogo. Kuacha kuuliza kunarudisha nchi kule ilikotoka, na wanaolipa bei ni raia walio karibu na barrière.

Waliotoka porini

Kwa aliyekuwa katika kundi la silaha, njia ni nyingine. Sheria ya msamaha ya Februari 11, 2014 ilifuta makosa ya uasi, ya kivita na ya kisiasa yaliyofanywa kati ya Januari 1, 2006 na Desemba 20, 2013. Ilitaka kila mtu aandike na kutia sinyatire kwamba hatarudia. Haikugusa mauaji ya kimbari, makosa dhidi ya binadamu, makosa makubwa ya vita, ubakaji, utesaji wala kuandikisha watoto. Yaliyofanywa kisha tarehe ile hayamo ndani yake.

Toka 2021 kuna programu ya serikali ya P-DDRCS. Lengo lake ni kumrudisha mpiganaji katika maisha ya kiraia, kwa jamii yake. Kukabidhi silaha si tiketi ya grade. Hata wale wanaoitwa Wazalendo, ambao wengi wanangoja kupangwa ndani ya jeshi la akiba lililowekwa na sheria ya 2023, wasidanganywe: kupigana upande wa serikali hakufuti ubakaji wala uporaji.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni karatasi ya uongo. Code pénal inaadhibu kutengeneza karatasi ya uongo kwa kifungo cha miezi 6 hadi miaka 5, na anayeitumia akijua ni ya uongo anaadhibiwa pia. Hesabu ni nyepesi: aliyekuwa na kosa la ngumi, ambalo mwisho wake ni miezi 6, ananunua casier ya uongo na kujiingiza katika kosa ambalo linaanzia pale pale lile la kwanza lilipoishia. Kubadilisha jina ni mtego ule ule. Tena jina la uongo linamfuata askari hadi kwa mshahara, na akianguka vitani linamfuata hadi kwa mjane anayeshindwa kuonyesha kwamba yule marehemu alikuwa mume wake.

Mtego wa pili ni mtu wa kati, yule anayesema: « Lipa, mukubwa atapanga. » Nafasi ya jeshi haiuzwi. Anayetoa makuta ili apite na anayepokea, wote wawili wako chini ya sheria ya rushwa. Na mara nyingi yule mtu hamjui mukubwa yeyote.

Mtego wa tatu ni maneno « jela ao jeshi ». Wazazi wengine wanaomba polisi wampeleke mtoto mkaidi kambini ili anyooke. Polisi wengine wanatisha kijana kwa maneno hayo. Katika orodha ya adhabu za code pénal kuna kifungo, amande na nyingine, jeshi halimo. Hakuna OPJ anayeweza kubadilisha dosie kuwa uandikishaji. Wengine wanachanganya jambo hili na Kaniama-Kasese, katika Haut-Lomami, ambako toka 2020 vijana walioitwa kuluna wamepelekwa kujifunza kilimo na ujenzi. Kule ni Service national. Aliyepita pale hajawa askari wa FARDC.

Ndani ya kambi, sheria inakuwa nzito zaidi

Kuna wanaofikiri kwamba jeshi ni mahali pa kujificha mbele ya sheria. Ni kinyume. Toka siku anapovaa uniforme, kijana yuko chini ya auditorat na tribinali za kijeshi, zenye code mbili za Novemba 18, 2002. Kutoroka, kuuza risasi, kukataa amri: mambo ambayo raia hayajui, kwa askari ni makosa. Machi 2024 serikali iliondoa kusimamishwa kwa adhabu ya kifo. Julai ya mwaka ule, tribinali ya kijeshi ya Butembo ilihukumu kifo askari 25 juu ya kukimbia adui, katika teritware ya Lubero. Anayekimbia kesi ya simu moja ili aingie jeshini, ajue anakoingia.

Kabla ya kupanga mstari

Kazi ya maana inafanyika kabla tangazo halijatoka, wakati parke na komini hazina watu wengi.

Kwanza, kijana aende kwa parke mwenyewe kuomba casier yake. Akiona kitu ambacho hakukitegemea, bado ana muda wa kuuliza.

Pili, kama aliwahi kukamatwa, atafute dosie iliishia wapi. Kama ilifungwa ao amande ililipwa, aombe karatasi inayoonyesha. Kama inalala, bora iishe sasa, kwa njia ya sheria.

Tatu, kama alihukumiwa, achukue kopi ya hukumu kwa greffe ya tribinali, na risiti ya amande ao karatasi ya kutoka gerezani. Hukumu ya kifungo ni jambo zito, na mwenye nayo asitegemee kwamba litapita bila kuonekana. Aulize wazi kwa huduma ya uandikishaji kabla ya kusafiri, kuliko kurudishwa kutoka Kitona ao Kamina.

Nne, asiye na makuta ya avoka ajue kwamba kila baro ina ofisi ya mashauri ya bure, « bureau de consultations gratuites ». Kazi yao ni kusikiliza watu sawa yeye.

Tano, akiulizwa mbele ya tume kama alishawahi kuwa na mambo na sheria, aseme kweli, kwa maneno machache, na karatasi mkononi: ilikuwa mwaka gani, juu ya nini, iliisha namna gani. Kosa lenye tarehe na mwisho tume inaweza kulipima. Lililofichwa, likivumbuliwa kisha miaka mitano ya kazi, mukubwa wake hatauliza tena juu ya ngumi ya nganda. Atauliza kwa nini alidanganya.